Feni Iliyokosa Mwenyewe

Vyombo vichache vya mezani vimewahi kugharimu uhai wa binadamu kama uma wa chuma uliotengenezwa Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 19. Mhunzi aliufua, lakini aliyekufa kwa ajili yake alikuwa mnoaji. Huyu alikaa juu ya tandiko la mbao kama mpanda farasi, ameinama mbele, jiwe kubwa la mchanga mgumu likizunguka kwa kasi karibu na kifua chake. Visu vya mezani vilinolewa juu ya jiwe lililolowa maji. Uma ulinolewa juu ya jiwe kavu, na kila ulipogusa jiwe, wingu la vumbi liliinuka usoni mwa mtu yule.

Mwaka 1830 daktari mmoja wa mji huo, Arnold Knight, alichapisha makala kuhusu vifo vya wanoaji. Wanoaji wa uma, aliandika, hufa kati ya umri wa miaka 28 na 32. Wanoaji wa nyembe, ambao kazi yao ilichanganya jiwe kavu na jiwe lenye maji, walifika 40 hadi 45. Wale wa visu vya mezani walisogea hadi karibu na 50. Mjerumani Friedrich Engels, alipoandika mwaka 1845 juu ya hali ya wafanyakazi wa Uingereza, alilitaja jambo hilo hilo kwa ujumla: mnoaji wa jiwe kavu hafikishi sana miaka 35, na yule wa jiwe la maji ni nadra kupita 45. Watu wa Sheffield wenyewe hawakuhitaji takwimu. Waliuita ugonjwa ule pumu ya wanoaji, na waliitambua sauti ya kikohozi chake mtaani.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kwa karne nyingi mawe ya kunolea yalizungushwa na maji ya mito ya Don, Sheaf, Porter, Rivelin na Loxley. Vibanda vya kunolea vilijengwa kandokando ya mito, vikiwa wazi kwa upepo, na mto ulipopungua maji wakati wa kiangazi kazi ilisimama. Mnoaji akaenda kulima bustani yake au kuvua samaki, na mapafu yake yakapumzika bila yeye kujua kwamba yanapumzika. Mwaka 1786 ukaja mtambo wa mvuke. Ukame haukuusimamisha. Kazi ikahamia mjini, ndani ya majengo ya ghorofa, watu wanane au kumi katika chumba kimoja chenye dirisha dogo, mwaka mzima. Mashine iliyowaondolea shida ya maji ndiyo iliyowafungia ndani na vumbi lao.

Watu wengi waliamini kwamba kinachoua ni chembe za chuma. Zinaonekana, zinameta, zinachoma jicho. Kwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1820 mwalimu wa shule mjini humo, J. H. Abraham, alibuni kifaa cha sumaku: safu ya sumaku iliyowekwa karibu na jiwe, pamoja na barakoa yenye sumaku mdomoni, ili chembe zinaswe kabla ya kuvutwa puani. Jumuiya ya Sanaa ya London ilimtunuku medali. Ulikuwa ubunifu wa kupendeza uliokosea adui. Sumaku hukamata chuma, lakini sehemu iliyokuwa ikiyakausha mapafu ilikuwa vumbi la jiwe lenyewe, yaani silika, na silika haijali sumaku. Chembe zake zilizo hatari ni zile ndogo kabisa ambazo jicho halizioni. Hupita koo, hushuka hadi mwisho wa mapafu na kuacha makovu yasiyofutika. Leo ugonjwa huo huitwa silikosisi, na hauna tiba ya kuyarudisha mapafu yalivyokuwa.

Wanoaji hawakuivaa barakoa ile kwa wingi. Anayeinama saa kumi juu ya jiwe huku akihema hahitaji kuelezwa sababu.

Jibu lililofaa lilikuja kutoka upande mwingine, na halikuwa na mvuto wowote wa kisayansi. Daktari George Calvert Holland, aliyewatibu wanoaji katika hospitali ya mji, aliandika kitabu mwaka 1843 kuhusu magonjwa ya mapafu yanayoletwa na kazi, na humo akaueleza mtambo ambao baadhi ya karakana zilikuwa nao tayari. Nyuma ya jiwe, upande ule asipokaa mnoaji, huwekwa faneli ya mbao yenye upana wa inchi 10 hadi 12 kila upande. Faneli hiyo hushuka hadi kwenye mfereji uliofunikwa chini ya sakafu. Kila mnoaji chumbani ana faneli yake na mfereji wake, na mifereji yote humwaga katika mfereji mmoja mkuu ulio mpana mara mbili au tatu kuliko matawi yake. Mfereji mkuu huishia kwenye ukuta wa nje, na hapo ndani yake hukaa feni inayofanana na ile ya kupepetea nafaka, ikizungushwa kwa mkanda unaopita kwenye puli ya mtambo ule ule unaozungusha mawe. Jiwe likizunguka, feni nayo inazunguka, na vumbi linavutwa chini kabla halijamfikia mtu.

Mhandisi wa leo akiusoma mpango huo hana la kushangaa isipokuwa tarehe yake. Mdomo wa kufyonza uliokaribia chanzo, matawi yanayokutana katika bomba kuu, bomba kuu lililo pana kuliko matawi yake, na feni iliyowekwa mwisho wa safari ili hewa yote ndani ya mabomba iwe inavutwa, hivyo penye ufa hewa safi iingie badala ya hewa chafu kutoka: yote yamo. Kilichokosekana ni kichujio tu. Vumbi la Sheffield lilitupwa nje ya ukuta, na jirani akajitafutia njia yake.

Wazo la kuvuta hewa mbaya kwa mashine lilikuwa la zamani. Georgius Agricola, katika kitabu chake kikubwa cha uchimbaji madini kilichochapwa mwaka 1556, alichora feni za mbao zilizofungiwa ndani ya mapipa na mivukuto mikubwa ya kuingiza na kutoa hewa migodini, zikiendeshwa na watu, farasi au maji. Huko Paris, fundi wa shaba Antoine-André Ravrio, aliyefariki mwaka 1814, aliacha katika wosia wake faranga 3,000 kwa atakayewaokoa mafundi wa kupaka dhahabu, ambao mikono yao ilitetemeka kwa sababu ya mvuke wa zebaki. Fedha hizo zilichukuliwa na mkemia Jean-Pierre-Joseph d'Arcet. Mwaka 1818 alichapisha michoro ya jiko lenye kofia pana juu yake, na ndani ya bomba la moshi akaweka moto mwingine mdogo ambao kazi yake ilikuwa moja tu: kupasha hewa ipande, na ikipanda iuvute mvuke wa zebaki pamoja nayo. Ufaransa ililikubali jiko hilo. Lakini zebaki inayopanda yenyewe kwa joto ni jambo moja, na vumbi zito la jiwe ni jingine. Vumbi la jiwe halipandi lenyewe. Linarushwa, na linataka nguvu ya kulikamata.

Basi Sheffield ilikuwa na dawa yake, iliyotengenezwa kwa mbao na mkanda, na gharama yake haikuwa kubwa. Kwa nini wanoaji waliendelea kufa?

Jibu lililozoeleka wakati ule, na ambalo bado husikika kila linapozungumzwa suala la usalama kazini, lilikuwa kwamba wafanyakazi wenyewe ni wajinga na wakaidi. Palikuwa na ushahidi wa kulitetea. Feni zilizowekwa ziliachwa zikaharibika. Wapo wanoaji waliozipinga waziwazi, na hoja yao, ambayo Knight aliisikia na Engels akairudia, inatisha kwa unyoofu wake: mnoaji akiishi muda mrefu, wanoaji watakuwa wengi, wakiwa wengi, ujira utashuka. Kifo cha mapema ndicho kilicholinda bei ya kazi. Ni rahisi kwa mtu aliyeshiba kuicheka hesabu hiyo. Lakini ilikuwa hesabu, na mtu aliyeiona njaa baada ya biashara kuanguka aliijua vizuri kuliko daktari.

Chini ya hoja hiyo palikuwa na jambo jingine, na hilo ndilo hasa lililoamua. Mnoaji wa Sheffield hakuwa na mwajiri katika maana ya kawaida. Alikuwa fundi aliyekodi nafasi moja ndani ya jengo, pamoja na nguvu ya mtambo iliyomfikia kwa mkanda, na kila wiki akalipa kodi. Kazi aliletewa na wafanyabiashara wa visu, akalipwa kwa dazeni. Jengo lilikuwa la mtu wa tatu ambaye aliuza nafasi na nguvu ya mvuke, basi. Katika mpangilio huo, mfanyabiashara alisema jengo si lake. Mwenye jengo alisema kazi si yake. Mnoaji naye, aliyekuwa na mkataba wa wiki moja mbele na labda miaka mitano ya kuishi, aliambiwa anunue mfereji utakaopita chini ya sakafu isiyo yake na kuungana na mifereji ya wenzake tisa ambao nao walipaswa kukubali. Feni ni kifaa cha pamoja. Akijitoa mmoja, vumbi lake linawafuata wote. Holland aliliona hilo na akafikia uamuzi ambao haukupendwa katika enzi ile ya biashara huria, kwamba bila sheria ya kulazimisha, mtambo huo hautaenea.

Sheria ilichelewa zaidi ya miaka ishirini, na ilipofika, Sheffield ilikuwa ikisemwa Uingereza nzima kwa sababu nyingine. Vyama vya wanoaji vilikuwa na desturi ya kumwadhibu asiyelipa ada au anayefundisha vijana wengi kupita kiasi: usiku mkanda wa jiwe lake uliibwa, na asubuhi alikuta kazi imesimama. Wengine walipata adhabu kali zaidi. Mwaka 1866 baruti ililipuliwa katika nyumba ya mnoaji mmoja wa misumeno, na mwaka uliofuata tume ya serikali ilifika mjini. Mbele yake William Broadhead, katibu wa chama cha wanoaji wa misumeno, alikiri kwamba aliwalipa watu wafanye mashambulizi, likiwamo moja lililoua. Magazeti yaliona ukatili. Hayakuona, au hayakutaka kuona, kwamba vyama vile vilikuwa vikijaribu kwa baruti kufanya kile kile ambacho vumbi lilikuwa likifanya kimyakimya: kupunguza idadi ya wanoaji sokoni.

Mwaka huo huo wa 1867 Bunge lilipitisha sheria ya kupanua kanuni za viwanda hadi kwenye karakana za namna hii. Ndani yake kulikuwa na kifungu kuhusu kunoa, kung'arisha na kazi nyingine yoyote inayotoa vumbi la kudhuru: mkaguzi akiona kwamba vumbi linaweza kuzuiwa kwa feni au kwa njia nyingine ya kimashine, aweza kuamuru iwekwe. Sheria ya 1878 ikakibeba kifungu hicho. Kwenye karatasi, feni ilikuwa imepata nguvu. Ila swali la nani ainunue lilikuwa palepale, kwani mkaguzi aliyeingia katika jengo la Sheffield alikuta wapangaji ishirini, kila mmoja bwana wa jiwe lake. Ilibidi kusubiri hadi sheria ya 1895 ndipo majengo ya kukodisha nafasi na nguvu ya mtambo yakatajwa waziwazi, na mwenye jengo akabebeshwa wajibu wake, pamoja na kanuni maalumu kwa kazi ya kunoa. Zaidi ya miaka hamsini ilipita tangu Holland achapishe maelezo yake.

Mkaguzi wa kwanza wa serikali mwenye taaluma ya udaktari, Thomas Legge, aliyeteuliwa mwaka 1898, aliifanya hoja hii kuwa msingi wa kazi yake yote. Alipambana zaidi na sumu ya risasi, na alichojifunza ni kwamba mfanyakazi hawezi kujilinda kwa maana yoyote mpaka mwenye kiwanda awe ametimiza sehemu yake yote. Mwaka 1926, serikali yake ilipokataa kuridhia mkataba wa kimataifa wa kuzuia rangi zenye risasi, alijiuzulu. Maofisa wa namna hiyo ni wachache katika nchi yoyote.

Wakati huo feni yenyewe ilikuwa imebadilika. Upande wa pili wa Atlantiki, fundi viatu Benjamin Franklin Sturtevant, aliyechoshwa na vumbi la mashine zake, alitengeneza feni ya kulifyonza katika miaka ya 1860, na kutokana nayo akajenga kiwanda kikubwa cha feni karibu na Boston. Feni za chuma ziliweza kuvuta mara nyingi zaidi ya zile za mbao. Lakini kwa miongo mingi mafundi waliziweka kwa kukisia tu. Mdomo wa bomba uliwekwa mahali palipokuwa na nafasi, na vumbi lilipoendelea kupaa, wakanunua feni kubwa zaidi.

Kosa lao linaeleweka kwa mshumaa. Ukiupuliza kutoka urefu wa mkono, unazimika. Ukivuta pumzi kwa nguvu kutoka umbali huo huo, mwali hautikisiki. Hewa inayopulizwa huenda mbali kama mkuki. Hewa inayofyonzwa huja kutoka pande zote, na nguvu yake huisha hatua chache tu mbele ya mdomo. Mwaka 1930, J. M. DallaValle wa Chuo Kikuu cha Harvard aliyapima mambo hayo na kuyageuza kanuni ambayo wahandisi wanaitumia hadi leo: hewa inayotakiwa huongezeka kwa mraba wa umbali. Chukua mdomo wenye eneo la sehemu moja ya kumi ya mita ya mraba, na vumbi linalohitaji mwendo wa nusu mita kwa sekunde ili likamatwe. Likiwa sentimita 30 mbele ya mdomo, feni lazima ivute nusu mita ya ujazo kila sekunde. Lisogeze hadi sentimita 60, inahitajika karibu 1.85. Hapo ndipo akili ya mafundi wasiojulikana wa Sheffield inapothibitika. Faneli yao iliyobanwa nyuma ya jiwe ilikuwa hesabu sahihi kabla ya hesabu kuandikwa.

Harvard haikufanya hivyo kwa udadisi mtupu. Katika mji wa Barre, jimbo la Vermont, wachonga mawe ya itale, wengi wao wahamiaji kutoka Italia, walikuwa wakifa kwa silikosisi na kifua kikuu tangu nyundo za hewa iliyoshindiliwa zilipochukua nafasi ya nyundo za mkono. Mwaka huo wa 1930 Theodore Hatch na Philip Drinker walishiriki kuchapisha utafiti wa namna ya kulifyonza vumbi la itale kwenye ncha ya patasi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1930 mabomba ya kufyonza yalikuwa yameenea katika mabanda ya Barre, na madaktari waliowafuatilia wachongaji walioanza kazi baada ya hapo waliona ugonjwa ule ukififia. Pale, feni ilipata mwenyewe: mabanda yalikuwa na wamiliki, na wachongaji walikuwa na chama.

Uingereza nayo, mwaka 1930, ilipokea ripoti ya Merewether na Price kuhusu asbesto. Kati ya wafanyakazi 363 waliopimwa, zaidi ya robo walikuwa na makovu ya mapafu. Kanuni za 1931 ziliamuru mabomba ya kufyonza vumbi katika viwanda vya kusokota na kufuma asbesto. Mafundi walioifunga asbesto kwenye mabomba ya meli na majengo hawakuguswa na kanuni hizo, kwa kuwa walifanya kazi nje ya viwanda vilivyotajwa. Walikufa kwa maelfu baadaye. Tena ni suala la nani alikuwa bwana wa mahali.

Kuhusu Sheffield, haki inataka isemwe kwamba feni haikushinda peke yake. Mwaka 1891 Mmarekani Edward Acheson aligundua namna ya kutengeneza kaborundumu, kitu bandia kigumu cha kunolea, katika tanuri la umeme, na katika karne ya 20 mawe bandia yakayaondoa mawe ya mchanga. Silika ilipotoka ndani ya jiwe, hatari kubwa ilitoka nayo. Kufyonza vumbi ni suluhisho la pili kwa ubora. La kwanza ni kutolizalisha. Australia ililikubali hilo tarehe 1 Julai 2024 ilipopiga marufuku mawe bandia ya juu ya makabati ya jikoni, ambayo sehemu yake kubwa ni silika iliyogandishwa kwa gundi, baada ya vijana wanaoyakata kuanza kupatikana na ugonjwa wa wanoaji wa uma.

Kifungu cha Sheffield kilisafiri pia hadi Afrika Mashariki. Sheria ya viwanda ya Tanganyika ya 1950, na ile ya Kenya iliyoanza kutumika mwaka uliofuata, zilifuata mfano wa Uingereza, na sheria za usalama na afya kazini zilizochukua nafasi ya hizo, ya Tanzania mwaka 2003 na ya Kenya mwaka 2007, zimeendeleza wajibu huo. Ile ya Kenya inataka vumbi na moshi wa kudhuru vifyonzwe karibu iwezekanavyo na pale vinapotokea, na inamtaja anayetakiwa kufanya hivyo: mwenye mahali pa kazi.

Nenda Kamukunji, Nairobi, au Gerezani, Dar es Salaam, ukamtafute huyo mwenye mahali. Utamkuta fundi aliyekodi nafasi, grinda mkononi, umeme wa kushirikiana na jirani, kazi ya kulipwa kwa kipande, na mwenye eneo anayekuja kukusanya kodi. Ni mpangilio wa wanoaji wa Sheffield kabla ya 1895, na barakoa ya kitambaa anayouziwa fundi huyo ni ndugu wa sumaku za Abraham. Kaunti na halmashauri zinazopanga maeneo ya mafundi, pamoja na wenye viwanja wanaoyakodisha, ndio wenye uwezo wa kuweka bomba kuu, feni moja na kichujio mwishoni, kisha gharama ikaingizwa kwenye kodi ya nafasi kama inavyoingizwa gharama ya choo na taa. Wabunge wa nchi hizi wanaweza kuliandika hilo katika sheria kwa aya moja, kama Bunge la London lilivyofanya mwaka 1895, na hawana sababu ya kuchukua miaka hamsini.